Gitaa la Japani: Uliza Kiwanda Kabla ya Jina

Mnunuzi wa gitaa la umeme la zamani huanza kwa kutazama kichwani, pale penye jina. Akikuta Fender au Gibson, mkono unaingia mfukoni. Akikuta Greco, Aria, Westone au Vantage, analirudisha ukutani na kuulizia lililo pembeni yake. Tabia hiyo imeyashikilia magitaa mengi mazuri ya Japani kwenye bei ya chini kwa miongo kadhaa, na imewafanya wanamuziki wengi wenye fedha kidogo wayapite bila hata kuyajaribu. Ninachodai hapa ni kwamba, kwa magitaa yaliyotengenezwa Japani kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, jina la kichwani halisemi mengi. La kuuliza ni limetoka kiwanda gani, na mwaka gani.

Sababu ni kwamba katika biashara hiyo mwenye jina na mwenye kiwanda mara nyingi hawakuwa mtu mmoja. Hoshino Gakki wa Nagoya, wamiliki wa jina la Ibanez, walikuwa wafanyabiashara. Walianza mwaka 1908 kwa kuuza nota za muziki katika duka la vitabu, na jina lenyewe walilipata kwa Salvador Ibáñez, fundi wa magitaa wa Valencia, Hispania, ambaye kazi zake walianza kuziagiza mwaka 1929. Kanda Shokai, wenye jina la Greco, nao walikuwa wauzaji. Kazi ya kuchonga mbao, kugandisha shingo na kupachika freti ilifanyika kwingine, hasa Matsumoto, mji uliozungukwa na milima katika mkoa wa Nagano. Hapo ndipo FujiGen ilipoanzishwa mwaka 1960, na hapo ndipo ilipokuwa Matsumoku, kampuni ya useremala ya tangu 1951 iliyokuwa ikitengeneza makabati ya cherehani, yakiwemo ya Singer, ile ile inayojulikana kwenye kila baraza la fundi nguo Afrika Mashariki. Watu waliozoea kuunganisha mbao hadi kiungo kisionekane hawakuhitaji kufundishwa upya ilipofika zamu ya gitaa.

Sasa tazama nani alitengeneza nini. FujiGen ilitengeneza Ibanez za Hoshino na Greco za Kanda Shokai. Matsumoku ilitengeneza Aria Pro II, Westone na Vantage, na pia Epiphone, jina linalomilikiwa na Gibson yenyewe, baada ya Gibson kuhamishia kazi hiyo Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo anayeiheshimu Epiphone ya Matsumoku na kuidharau Aria ya Matsumoku ya miaka ile ile amelipia maandishi. Mbao ni za ghala moja na mafundi ni wale wale.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Marekani. Januari 1965 CBS, kampuni ya redio na televisheni, iliinunua Fender kwa dola milioni 13, na wapigaji wengi wanakubaliana kwamba ubora ulishuka katika muongo uliofuata. Stratocaster za Fender za kuanzia 1971 zilikuwa na shingo zilizoshikwa kwa skrubu tatu badala ya nne, na malalamiko ya shingo zilizolegea yakazidi. Mwaka 1981 CBS iliwaita William Schultz na Dan Smith waje kuinyanyua kampuni, na wote wawili walitokea tawi la Marekani la Yamaha. Mwaka uliofuata iliundwa Fender Japan, ubia wa Fender na makampuni mawili ya Japani: Yamano Gakki, na Kanda Shokai. Ndiyo, Kanda Shokai ile ile ya Greco, iliyokuwa ikiuza magitaa yaliyoiga Stratocaster. Kiwanda kilichopewa kazi kilikuwa FujiGen. Magitaa ya mwanzo ya ubia huo, yenye herufi JV mbele ya namba, yalipelekwa Ulaya kwa jina la Squier, na hadi leo yanatafutwa. Kisha mwaka 1985 Schultz na wenzake waliinunua Fender kutoka CBS kwa dola milioni 12.5, na kiwanda cha Fullerton hakikuwemo katika mauzo. Kwa kipindi hicho, wakati kiwanda kipya cha Corona, California, kikijipanga, ni mafundi wa Japani waliolibeba jina la Fender sokoni. Kama kampuni iliyotunga gitaa hilo iliwaamini mafundi wa Matsumoto kwa kiasi hicho, sioni kwa nini mnunuzi wa leo asiwaamini.

Wapo watakaosema kwamba tunasifu wizi. Shutuma hiyo haipaswi kupuuzwa, kwa maana uigaji ulikuwepo na mwingine ulikusudiwa kulidanganya jicho. Tokai ya Hamamatsu iliandika jina lake kwa mwandiko ambao, kwa mtu aliyesimama mbali, ulisomeka kama Fender. Hilo sitalitetea. Lakini kesi inayotajwa kila mara kama uthibitisho wa wizi haikuwa kubwa kama inavyosimuliwa. Juni 1977 Norlin, wamiliki wa Gibson wakati huo, waliishtaki Elger, tawi la Hoshino huko Pennsylvania, na kiini cha dai kilikuwa umbo la kichwa cha gitaa. Ibanez ilikuwa imekwisha kubadili kichwa hicho, na pande mbili zikaelewana mwaka 1978. Tena, Fender ilipoomba baadaye kusajili maumbo ya miili ya magitaa yake kama alama ya biashara, mamlaka za Marekani zililikataa ombi hilo mwaka 2009. Kwa hiyo muuzaji anayepandisha bei kwa kudai kwamba gitaa lake ni "la enzi ya kesi" anauza hadithi, hasa kama gitaa lenyewe si Ibanez. La kukumbuka zaidi ni kwamba Wajapani hawakubaki kwenye kuiga. Yamaha ilitoa SG2000 mwaka 1976, shingo ikipita hadi mwisho wa mwili na kipande cha shaba kikiwekwa chini ya daraja la nyuzi, baada ya Carlos Santana kutaka mlio unaodumu zaidi. Mwaka 1977 Ibanez ilimtengenezea George Benson GB10, gitaa la jazi ambalo halikunakiliwa popote.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: si kila gitaa kuukuu la Japani ni zuri. Ni kweli. Yale ya miaka ya 1960, wakati Wajapani walipokumbwa na homa ya gitaa la umeme baada ya ziara za The Ventures, mengi yalitengenezwa kwa haraka. Teisco ya Tokyo iliuza Marekani maelfu kwa maelfu kwa jina la Teisco Del Rey, na mengine kwa majina ya maduka, yakiwa na swichi nyingi, shingo nene na madaraja yasiyoshika sauti sawasawa. Hata hivyo pikapu zake zina mlio wake. Ry Cooder aliitoa moja na kuipachika kwenye Stratocaster yake, na Hound Dog Taylor wa Chicago alijijengea jina kwa gitaa la bei rahisi la Japani. Anayetaka gitaa la kazi, la kupigwa ukumbini kila wiki, asianzie hapo.

Wengine watasema bei zenyewe zimeshapanda. Kwa Squier za JV na Tokai za mwishoni mwa miaka ya 1970, wako sahihi. Ila Westone, Vantage na Aria Pro II nyingi bado zinapatikana kwa fedha ya kawaida, na idadi yake haitaongezeka. Septemba 1985 mataifa makubwa yalikubaliana New York kuishusha dola, yeni ikapanda kwa kasi, na gitaa rahisi la Japani halikuwa rahisi tena kwa mnunuzi wa Marekani. Kazi ikahamia Korea Kusini. Matsumoku ilifungwa mwaka 1987.

Basi kwa anayetafuta gitaa, haya ndiyo ya kuangalia. Ibanez nyingi za mwishoni mwa 1975 hadi 1986 zina namba inayoanza kwa herufi ya mwezi, A ikiwa Januari na L ikiwa Desemba, kisha tarakimu mbili za mwaka: C77 ni Machi 1977. Kama gitaa lina umbo la Les Paul ya Gibson lakini shingo imefungwa kwa skrubu badala ya kugandishwa kwa gundi, huenda ni la mwanzoni mwa miaka ya 1970, na bei yake ishuke. Kama shingo imefungwa kwa skrubu, omba kuing'oa. Ndani ya tundu lake utaiona mbao isiyopakwa rangi: ikiwa na matabaka membamba ya plaiwudi, lipa kidogo, ikiwa mbao nzima, au vipande vinene vilivyounganishwa vizuri, hilo ni gitaa la kununua hata kama jina lake hulijui. Muuzaji asiyekubali ufungue skrubu nne, muage uende kwingine.