Anza na Kidole Gumba

Ukitaka wenzako waipende albamu ya gitaa la Katanga, kusini mwa Kongo, usianze kwa kuwasimulia habari za Hugh Tracey. Najua kujizuia ni kazi, maana hadithi yenyewe ni tamu. Mwaka 1952 Mwingereza huyo aliyehamia kusini mwa Afrika anafika Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akiwa na vyombo vyake vya kurekodi. Anakutana na kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye gitaa, anarekodi kipande kinachoitwa "Masanga", na mwaka huohuo kipande hicho kinapewa Tuzo ya Osborn kwa muziki wa Kiafrika. Jina la Jean Bosco Mwenda linavuka mipaka, na mwaka 1969 mwenye jina anapanda jukwaani katika tamasha la Newport, Marekani. Kila anayeandika juu ya muziki huu huanzia hapo. Matokeo yake, msikilizaji anakuja amejiandaa kusikia mtu aliyegunduliwa, na gitaa linampita.

Klabu yetu ya muziki ina utaratibu mwepesi: kila mwezi mmoja wetu analeta albamu anayoipenda, wengine wanaisikiliza nzima kabla ya kusema neno. Wenzetu wengine wako Likasi, wengine Ndola nchini Zambia, wengine Ubelgiji, kwa hiyo tunakutana kwa simu. Vijana wengi huleta roki ya lebo ndogondogo za Marekani na Uingereza: magitaa machache, sauti isiyopambwa, studio ya bei nafuu. Zamu yangu ilipofika niliwaletea wenzangu mkusanyiko uitwao Origins of Guitar Music, uliotolewa na SWP, lebo ya Michael Baird, mpiga ngoma aliyezaliwa Zambia na kufanya maskani yake Utrecht, Uholanzi. Baird alizifuata kanda za Tracey zinazohifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika, ILAM, pale Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, akachagua nyimbo zilizorekodiwa kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia kati ya mwaka 1950 na 1958. Anayependa muziki wa lebo ndogo hawezi kupata lebo ndogo kuliko hiyo.

Niliwaomba wenzangu jambo moja tu: mara ya kwanza wasifuate sauti ya juu ya gitaa. Wafuate kidole gumba.

Mwenda alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na shahada. Gumba linashughulika na nyuzi nene, linakwenda kwa hatua zisizochoka. Shahada kinacheza kwenye nyuzi nyembamba, na hicho ndicho kinachobeba wimbo. Ukisikia kwa haraka utasema ni magitaa mawili. Na hata ukijua kwamba ni moja, sikio linaendelea kukataa, kwa sababu vidole hivyo viwili havifuatani kama mtu na kivuli chake. Shahada hutua katikati ya hatua mbili za gumba, huchelewa kidogo, kisha hukutana nalo pale ambapo hukutarajia. Mdundo unaousikia unazaliwa katikati yao, na hakuna kidole kinachoupiga peke yake. Ndiyo maana nasisitiza gumba kwanza: ukilishika gumba, una ardhi ya kusimamia, na kila kinachofanywa na shahada unakiona kinatoka wapi na kinarudi wapi. Ukianza na shahada utapata wimbo mzuri, lakini hutajua kwa nini mwili wako unataka kusogea.

Halafu sikiliza jinsi kipande kinavyoendelea. Mwenda harudii wazo lake jinsi lilivyokuwa. Analileta, analizungusha, anaacha noti moja, anaongeza mbili, anahamia wazo jingine, anarudi. David Rycroft, mtaalamu wa muziki, alikaa na rekodi hizo akaziandika noti kwa noti, na uchambuzi wake ukachapishwa katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Kurasa hizo zinaonyesha mtungaji anayefikiri wakati vidole vinakwenda. Nawaambia wanafunzi wa gitaa waisome kazi hiyo hata kama hawajui kusoma noti vizuri. Umbo la wimbo linaonekana kwa macho.

Sasa kuna kikwazo ambacho hakimhusu Mwenda wala Tracey. Wengi wetu tunasikiliza muziki kwa spika ya simu. Uzi mnene wa gitaa, ukiachwa wazi, hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde. Sehemu kubwa ya kazi ya gumba hufanyika kati ya hapo na mara 200. Spika ya simu ni ndogo mno kusukuma hewa polepole kiasi hicho: chini ya mara 300 sauti yake hufifia vibaya. Kinachokufikia ni mitetemo midogo ya juu inayoambatana na noti, na ubongo wako unajaribu kukisia noti yenyewe. Shahada kinasikika chote, gumba linabaki kama uvumi. Mwenzetu mmoja wa Ndola alisema baada ya kusikiliza kwamba muziki ni mzuri ila mwepesi, kama maji bila unga. Nilimwomba arudie kwa hedifoni. Siku iliyofuata aliandika ujumbe mrefu, wote juu ya besi. Kwa hiyo kama una albamu ya gitaa la vidole unataka kuigawa, tuma na masharti: hedifoni, au spika yenye kifua.

Jambo la pili la kumwambia msikilizaji ni kwamba "albamu" hii haikuzaliwa albamu. Nyimbo zilitoka kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zilizouzwa kwa nembo ya Gallotone ya kampuni ya Gallo, Johannesburg. Upande mmoja wa santuri hiyo ulibeba kama dakika tatu. Mpiga gitaa aliyezoea kuburudisha watu jioni nzima alilazimika kuukunja wimbo wake uingie katika nafasi hiyo. Ukizisikiliza nyimbo ishirini mfululizo utachoka, na kosa si lako. Zilitengenezwa zisikilizwe upande mmoja, mtu ainuke, ageuze. Nilipendekeza tusikilize mbili, tunyamaze, tuendelee. (Gallo hao waliuza pia magitaa ya bei ya chini. Moja lao, Gallotone Champion, ndilo alilokuwa nalo John Lennon Julai 1957 siku alipokutana na Paul McCartney huko Liverpool. Vijana wa roki katika klabu walilipenda jambo hilo, nami nimelitumia bila aibu kuwavuta.)

Kwa nini gitaa hili linasikika tofauti na la Kinshasa? Tazama reli. Njia ya reli kutoka kusini, kupitia Rhodesia, ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, mwaka mji wetu huo ulipoanzishwa. Miaka ya mwanzo shaba ya kampuni ya migodi ya Union Minière ilitoka kwa njia ya kusini, na bidhaa ziliingia kwa njia hiyohiyo: vitambaa, baiskeli, santuri, magitaa. Kinshasa ilikuwa inatazama mto na bahari ya Atlantiki, ikipokea santuri za Kuba. Sisi tulikuwa tunatazama Ndola, Bulawayo na Johannesburg. Katika albamu hii Zambia na Katanga hazitengani: Stephen Tsotsi Kasumali wa upande wa Zambia anakaa bega kwa bega na Ilunga Patrice na Misomba Victor wa upande wetu, na kama hukutazama majina hutajua umevuka mpaka saa ngapi. Mpaka ule ulikuwa wa Wabelgiji na Waingereza. Wapiga gitaa waliupita.

Nyimbo nyingi za Mwenda ziko katika Kiswahili, kile Kiswahili cha migodi na kambi kilichokua hapa kati ya watu waliotoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga. Kwa Mwenda lugha hiyo ina mizizi mingine pia. Alizaliwa mwaka 1930 katika Bunkeya, makao ya Wayeke, ambao mwanzilishi wa dola yao, Msiri, alikuja na watu wake katika karne ya 19 kutoka upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo. Ndiyo sababu baadaye alijiita Mwenda wa Bayeke. Msikilizaji wa Tabora ana haki ya kuidai sehemu ya gitaa hili, na nadhani angeidai kama angeisikia.

Upande wa mashariki haukusahaulika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Edouard Masengo, binamu yake Mwenda, alikuwa Nairobi, na Mwenda naye alifika huko. Walipiga matangazo ya biashara ya dawa ya Aspro, na wapiga gitaa wa Kenya wakawasikia kwa ukaribu. Ukimweka George Mukabi wa magharibi ya Kenya baada ya Mwenda, utasikia watu wanaofanya kazi moja kwa mikono tofauti. Mukabi ana ngoma za kwao ndani ya vidole, ana haraka yake mwenyewe, si mwigaji. Lakini gumba lile lile linatembea chini. Wakati huohuo magitaa ya umeme na rumba ya Kinshasa yalikuwa yanapanda, na mtu mmoja mwenye gitaa kavu hakuweza kushindana na bendi nzima kwenye baa.

Kuna neno moja nililolipinga katika mazungumzo yetu, nalo ni "huru". Mwenzetu alisema Mwenda ni msanii huru kuliko bendi zote tulizowahi kusikiliza, maana hakuwa na prodyuza, hakuwa na bendi, hakuwa na studio. Upande wa kupiga, nakubali kabisa. Kila sauti ilitoka mikononi na kinywani mwake. Lakini nani aliamua wimbo gani ukatwe kwenye santuri, upewe jina gani, uuzwe wapi? Kampuni ya Johannesburg. Na nani aliamua tusikie nini miaka hamsini baadaye? Zile kanda zilizobahatika kuhifadhiwa. Baird ametufanyia kazi ya heshima, lakini hata yeye amechagua ndani ya alichochagua Tracey.

Ndiyo maana baada ya albamu hii naleta ile aliyorekodi Mwenda Cape Town mwaka 1988, miaka miwili kabla ya kufa kwenye ajali ya gari nchini Zambia. Ilitolewa na lebo ndogo ya Mountain Records. Hapo nyimbo hazibanwi na dakika tatu, na gumba linasikika safi hata kwa spika ya wastani.

Nyimbo zilizobaki ziko majumbani, katika mitaa ya Lubumbashi ya Kamalondo, Katuba na Kenya, na huko Likasi, kwenye masanduku ya wazee. Kama kwenu kuna santuri za 78, usizisafishe kwa spiriti, maana nyingi zimetengenezwa kwa utomvu wa lak, na spiriti huuyeyusha. Tumia kitambaa laini kikavu, au chenye unyevu kidogo wa maji. Zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine. Usizipige kwa sindano ya santuri za LP, ni nyembamba mno kwa mifereji ile na itaikwangua. Kisha nakili kila kilichoandikwa kwenye karatasi ya katikati, pamoja na namba iliyochorwa karibu nayo, hata kama santuri imevunjika. Namba hiyo mara nyingi inatosha kumtambua mpigaji ambaye familia yake bado inaishi mtaa wa pili.