Nyuma ya Kaunta: Kazi ya Duka Kubwa Ilivyo

Ukiingia supamaketi ya Mwanza, au hata duka kubwa la jumla pale Musoma mjini, unakuta rafu zimepangwa, taa zinawaka na binti aliyevaa fulana ya duka anakukaribisha. Vijana wengi wa Bunda na Butiama wakimaliza kidato cha nne huitamani kazi hii, kwa kuwa haina jua wala jembe. Tuieleze basi ilivyo, maana wanaoifanya tunakaa nao benchi moja kanisani, wakipata nafasi ya kuja.

Siku huanza kabla mlango haujafunguliwa. Mzigo hupokelewa stoo, katoni huhesabiwa mbele ya dereva na kulinganishwa na ankara, kisha bidhaa hupangwa. Kanuni ya rafu ni kwamba kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka: maziwa ya zamani huvutwa mbele, mapya hukaa nyuma. Mteja mjanja huingiza mkono akachomoa la nyuma (na sisi tumo), halafu yale ya mbele yakipitwa na tarehe, anayeulizwa ni mpangaji. Mchana kutwa ni kusimama. Wengi watakuambia kwamba kinachouma jioni si mgongo bali nyayo.

Lakini mzigo mzito wa kazi hii ni hesabu. Keshia hukabidhiwa chenji ya kuanzia na kusaini. Jioni hufunga hesabu: mauzo yaliyomo kwenye mashine ya EFD upande mmoja, fedha taslimu na malipo ya simu upande wa pili. Zikipungua, hiyo ndiyo shoti. Shoti haihitaji mwizi. Noti mbili zikishikana wakati wa kurudisha chenji, imetokea. Mteja akionyesha ujumbe wa malipo uliotungwa, na foleni ni ndefu, imetokea. Katika maduka mengi shoti hukatwa kwenye mshahara bila maneno, na kijana huona ndiyo desturi.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu makato ya hasara pale tu ilipotokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, naye awe ameandikiwa sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, na kupewa nafasi ya kupinga. Hata akikubali deni, makato hayo hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara. Sheria hiyohiyo inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 1 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na saa za ziada kulipwa mara moja na nusu.

Wakati wa kutoka, mlinzi hukagua mifuko ya wafanyakazi. Mwenye duka ana haki ya kulinda mali yake. Ila kumpekua mama mtu mzima mlangoni, wateja wakitazama, ni kumvunjia heshima, na lingeweza kufanyika chumba cha ndani.

Wazee wetu wa Mara wanakumbuka muuzaji wa namna nyingine. Wakati wa serikali ya Mwalimu, mwana wa Butiama, kila mkoa ulikuwa na kampuni yake ya biashara, RTC, na mwaka 1976 Operesheni Maduka ililenga kuweka maduka ya ushirika mahali pa yale ya watu binafsi. Sukari na sabuni zilipoadimika miaka ya mwanzo ya 1980, aliyesimama nyuma ya kaunta alikuwa mtu wa kubembelezwa. Leo bidhaa ni tele, na anayebembelezwa ni mteja.

Ajira yenyewe nayo haina uhakika mkubwa. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi ikafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Nakumatt nayo ikaanguka muda si mrefu baadaye. Kwa hiyo anayeanza kazi aombe mkataba wa maandishi na athibitishe kwamba michango yake ya NSSF inapelekwa kweli, asisubiri siku duka litakapofungwa.

Kwetu waumini liko suala la Dominika. Sheria inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, lakini haisemi yawe Jumapili. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inakubali Misa ya Jumamosi jioni, ila hiyo ndiyo saa duka linapojaa. Wanaobaki na njia ni wale wenye zamu ya mchana, wanaowahi Misa ya kwanza ya alfajiri. Paroko anayepanga ratiba, na frateri anayeandika majina ya wasiohudhuria jumuiya, wangeuliza kwanza zamu za watu wao.

Mwenye mgogoro apeleke lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Aliyeachishwa kazi ana siku 30; kwa madai mengine kama makato ya shoti, siku ni 60. Aende na mkataba, hati za mshahara na karatasi za kufungia hesabu, kwa hiyo atunze nakala tangu wiki ya kwanza.