Kinga ya Kutu kwa Matangi ya Mafuta Yaliyofukiwa

Vyama vyenye tangi la chuma la dizeli chini ya ardhi vinakumbushwa kuwa kupaka lami peke yake hakutoshi. Lami ikikwaruzika, unyevu wa udongo hupenya, na kutu hula chuma mahali hapo hapo hadi patoboke. Hapo mali ya wanachama hupotea na maji ya visima huharibika.

Kwa hiyo mafundi hufukia kando ya tangi vipande vya zinki au magnesiamu na kuviunganisha nalo kwa waya. Vipande hivyo huliwa na kutu badala ya tangi. Lakini huisha, na waya ukikatika kinga hukoma, wala juu ya ardhi haionekani dalili yoyote.

Katibu na ahakikishe yafuatayo:

(a) Fundi apime volti kati ya tangi na udongo angalau kila miaka 3, kwa mita na kijiti cha shaba kilichomo katika maji ya mrututu. Kinga hutosha kipimo kikifika hasi 0.85 au kuzidi upande wa hasi.

(b) Wachimba mitaro waonyeshwe kwanza waya ulipopita.

(c) Kila kipimo kiandikwe daftarini na kusomwa mbele ya Kamati.

Tangi lisilopimwa halina mlinzi.