Nukta Iliyo Nje ya Pembetatu

Mwanafunzi wa Rusimbi, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, husoma hisabati ya shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari hukutana na uthibitisho wa jiometri, yaani mfululizo wa hoja ambao kila mstari wake hutegemea uliotangulia, ukiwa umeandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo si ajabu akauamini mchoro kuliko maneno, na kwenye mchoro ndiko makosa mengi hujificha.

Mfano mashuhuri ni ule aliouchapisha Mwingereza W. W. Rouse Ball mwaka 1892, unaodai kwamba kila pembetatu ina pande mbili zilizo sawa. Ichukuliwe pembetatu ABC, ambayo AB ni sentimeta 8, AC sentimeta 6 na BC sentimeta 7. Mstari unaogawa pembe A nusu kwa nusu na ule unaokata BC katikati kwa nyuzi 90 hukutana kwenye nukta O, na kutoka hapo huchorwa mistari miwili, mmoja ukikutana na AB kwenye P na wa pili ukikutana na AC kwenye Q, yote kwa nyuzi 90. Kwa kulinganisha pembetatu ndogo zilizo sawa kwa kila kipimo, huthibitika kwamba AP ni sawa na AQ, na PB ni sawa na QC. Vikijumlishwa, AB huwa sawa na AC, yaani 8 ni sawa na 6.

Msahihishaji anayekagua ulinganisho huo peke yake atatoa alama zote, na kwa haki, kwani kasoro haimo humo. Anayechukua rula, bikari na kipimapembe ataona kwamba O haimo ndani ya pembetatu, kama mchoro wa haraka wa chaki unavyoonyesha, bali iko ng'ambo ya BC. P imo kwenye AB, lakini Q iko kwenye mstari wa AC uliorefushwa kupita C. AP na AQ ni sentimeta 7 kila moja, PB na QC ni sentimeta 1 kila moja, hivyo AB ni 7 kujumlisha 1, ilhali AC ni 7 kutoa 1. Alama ya kujumlisha iliingizwa na mchoro, bila hoja yoyote kuitetea.

Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, naye aliandika kitabu kuhusu thibitisho za uongo, ambacho kimepotea, lakini katika uthibitisho wa kwanza kabisa wa kazi yake kuu alichukulia kwamba duara mbili zinakatana bila kueleza kwa nini, na maana ya nukta kuwa kati ya nyingine mbili haikuwekewa kanuni kamili hadi kazi za wanahisabati Moritz Pasch mwaka 1882 na David Hilbert mwaka 1899.