Ukifungwa macho, utaijua bia yako?

JE, msomaji, umewahi kuketi karibu na meza ya wanywaji Jumamosi jioni ukasikiliza wanachobishania? Usidhani ni siasa, wala si kandanda. Hayo hupita. Ubishi usiokwisha ni ule wa bia ipi inashinda nyingine.

Hapa Umoja ninakoishi kuna meza ya aina hiyo. Huketi wanne: mwalimu wa shule ya upili, fundi wa magari, kijana mhasibu na mzee mmoja aliyestaafu kutoka shirika la reli. Kila mmoja ana chupa yake, na baa ikiishiwa nayo afadhali anywe soda kuliko kugusa ya mwenzake. Mwalimu ni mtu wa Tusker. Mzee ni White Cap, ati hiyo ndiyo bia ya waliokomaa. Fundi hunywa Pilsner, na kwake yeye nyingine zote ni maji yaliyooshewa sufuria. Mhasibu ni Guinness, kwa kuwa alisikia huongeza damu. (Haiongezi. Inachozidi ni ukali: Guinness ya hapa kwetu ina kileo asilimia 6.5 na Tusker 4.2, na hiyo ndiyo tofauti ambayo kichwa chake hukutana nayo asubuhi.)

Mapema mwaka wa 2024 ubishi huo ulinichosha nikaamua kuwapima. Nilimwomba mhudumu amimine bia tatu nyuma ya kaunta, katika glasi zinazofanana, kila moja na nambari chini yake. Guinness tuliiondoa maana rangi yake ingeitoboa siri, na mhasibu tukamfanya refa.

Mwalimu alionja, akafumba macho kama mtu aliye kanisani, akaapa kwamba glasi ya pili ndiyo Tusker yake. Ilikuwa Pilsner. Fundi alipata raundi ya kwanza, akatamba, tukamrudishia glasi zilezile kwa mpangilio mwingine akakosa zote. Mzee wetu aliinyanyua glasi moja tu, akasema, "Hii ni White Cap, msinisumbue." Ilikuwa Tusker. Hakunisemesha hadi nilipomnunulia nyingine.

Usiwacheke. Mwaka wa 1964 watafiti wawili Wamarekani, Allison na Uhl, waliwapelekea wanywaji 326 bia zilizobanduliwa karatasi za majina. Wengi hawakuweza kuitambua hata ile waliyoinywa miaka yote. Majina yaliporudishwa, kila mmoja aliisifu ya kwake kuliko alivyoisifu ilipokuwa uchi. Bia ilikuwa ileile.

Basi hawa wenzetu hubishania karatasi? Nami nilidhani hivyo, mpaka mzee alipoanza kusimulia. Kumbe karatasi hiyo ina mambo yake.

Bia ya chupa ilianza kutengenezwa humu nchini mwaka wa 1922, pale Ruaraka, na ndugu wawili wa Kiingereza walioitwa Hurst. Makreti ya kwanza 10 yalipelekwa hoteli ya Stanley. Mwaka uliofuata George Hurst aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na kwa kumkumbuka bia ikapewa jina la mnyama huyo mwenye pembe. Kwa hivyo yule ndovu unayemwona kwenye chupa ndiye aliyemuua mwenye kiwanda. Mwalimu ameinywa miaka 20 na hakuwa na habari.

Lakini kwa robo karne Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa. Hadi mwaka wa 1947 bia ya chupa ilikuwa ya Mzungu. Mwafrika wa Nairobi alitakiwa aende katika kilabu cha baraza la mji, Pumwani, akanywe pombe iliyopikwa na baraza lenyewe, na faida ikarudi kwa baraza. Mama aliyepika busaa nyumbani kwake akawauzia majirani alikuwa akimnyang'anya serikali biashara, kwa hivyo alikamatwa. "Baba yangu," akasema mzee, "alipoinunua chupa ya kwanza hakujali utamu wake. Aliiweka mezani watu waione."

Hapo ndipo mhasibu alipotufungulia moyo. Kumbe bwana huyu alikuwa ameanza kujipikia bia jikoni kwake, katika nyumba ya vyumba viwili! Alikuwa amenunua ndoo kubwa ya plastiki yenye kifuniko na kijitundu cha kutolea hewa, kimea cha shayiri, hamira ya bia, na hopsi, yale maua makavu kutoka ng'ambo yanayoipa bia uchungu na harufu. Alifuata maagizo, ila alikosa subira. Aliitia kwenye chupa kabla hamira haijamaliza kuila sukari, tena akaongeza sukari nyingine ili povu liwe jingi. Usiku wa nne chupa zikaanza kupasuka moja baada ya nyingine. Jirani wa chini alipiga simu polisi akidhani ni bunduki. Kati ya chupa 24 zilibaki mbili.

"Unahitaji mtu wa kukufundisha," nikamwambia. Nami nilimjua mtu huyo: nyanya yangu, ambaye sisi humwita Kukhu, kule Bungoma.

Sasa nikueleze, msomaji, kwa nini safari hiyo haikuwa ya mchezo. Wabukusu hutahiri wavulana mwezi wa Agosti, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mwaka huo wa 2024 ilikuwa zamu ya binamu yangu. Siku chache kabla ya kisu mvulana hufanya khuchukhila, yaani humimina maji juu ya kimea cha pombe ambayo wazee watainywa kwa heshima yake. Pasipo busaa hana pa kumimina. Na kwetu aliyejua kuipika alikuwa mmoja tu, Kukhu, ambaye umri wake unapita miaka 80 na magoti yake hayamtii tena. Mama zangu wadogo wote wameokoka na hawagusi pombe hata kwa mwiko. Amu yangu alipendekeza tununue bia ya chupa na mambo yaishe. Wazee wa ukoo walimtazama tu, wakamuuliza kama mvulana atamimina maji ndani ya kreti.

Tulifika mapema, mhasibu nami, wiki mbili kabla. Kukhu alituketisha kwenye vigoda. Akawa anaelekeza kwa fimbo.

Kwanza ni kimea. Wimbi huloweshwa usiku kucha, huchujwa, hufungwa ndani ya gunia lenye unyevu na kuachwa siku tatu au nne hadi lichipuke vijimizizi vyeupe. Kisha huanikwa juani na kusagwa. Mhasibu aliruka alipoyaona hayo, kwa sababu ndiyo kazi ileile inayofanyiwa shayiri kiwandani! Punje inapoota hujitengenezea kitu cha kugeuza wanga wake uwe sukari, na sukari ndiyo hamira huigeuza ikawa kileo na povu. Kukhu hajui habari za wanga. Anajua tu kwamba vijimizizi vikirefuka kupita punje yenyewe, umechelewa.

Wakati huohuo unga wa mahindi hukandwa na maji machache, ukafunikwa kama wiki moja hadi uchachuke. Zamani ulizikwa shimoni ndani ya majani ya migomba. Halafu huja kazi ya jasho, nayo ni kuukaanga. Bati kubwa huwekwa juu ya moto wa kuni, unga humwagwa juu yake na kugeuzwa bila kupumzika hadi uwe chenga za rangi ya kahawia zenye harufu kama ya mkate unaokaribia kuungua. Kukhu alinipokonya kijitabu changu. "Hutaipika kwa kalamu, mjukuu wangu. Shika mwiko." Niliushika saa mbili, na malengelenge yake nilirudi nayo Nairobi.

Chenga hizo huanikwa, huchanganywa na maji na kimea ndani ya pipa, na baada ya siku tatu au nne pombe iko tayari. Hapo haichemshwi tena, na haina hopsi ya kuihifadhi, ndiyo sababu haikai. Leo tamu, kesho kali, keshokutwa siki. Kileo chake kwa kawaida ni kama asilimia 4 hivi, karibu sawa na Tusker ya mwalimu.

Kukhu alisomesha watoto sita kwa kazi hiyo, baba yangu akiwa mmoja wao. Vilabu vya busaa vilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1970, aliendelea kupika usiku. Alikamatwa mara mbili. Mara ya pili alilipa faini kwa pesa zilizokuwa za karo, na baba akakaa nyumbani muhula mzima. Mimi niliyesoma chuo na kuandika haya nilipata diploma yangu kwa pipa lile, na hadi Agosti hiyo sikuwa nimejua hata jina la bati la kukaangia.

Huenda unauliza, msomaji: na wale wanaokufa, na wale wanaopofuka, je? Ni swali la haki. Novemba 2000 pombe yenye sumu iliwaua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Mei 2014 makumi walikufa Embu, Kiambu na kwingineko. Februari 2024 watu 17 walikufa Kirinyaga. Lakini muuaji mkubwa katika visa vya namna hii ni methanoli, kemikali ya viwandani ambayo mfanyabiashara mwenye tamaa huitia ili kinywaji kipande ukali haraka na kwa bei rahisi. Mwilini hugeuka asidi inayoua mishipa ya macho kwanza, kisha mtu mwenyewe. Haiwezi kupatikana kwa kiasi cha kuua katika wimbi na mahindi yaliyochachuka. Ukimwona mtu aliyekunywa analalamika kwamba macho yanaingia ukungu, hata ikiwa ni siku ya pili, usimpe maziwa wala usimlaze. Mpeleke hospitali mbio.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Laiti angetia maji tu! Na tazama jinsi bei inavyosukuma watu. Mwaka wa 2004 ilipotolewa bia ya bei nafuu ya Senator, serikali iliipunguzia ushuru makusudi ili mwenye kipato kidogo aache vya hatari. Mwaka wa 2013 ushuru ukarudishwa, bei ikapanda, wanywaji wakatoroka. Vifo vya Mei vilifuata. Sisemi jambo moja lilizaa lingine moja kwa moja, lakini maskini hakuacha kunywa, alibadilisha tu mlango. Na mlango wa kichochoroni hauna anayekagua pipa.

Hata hivyo, sitakudanganya kwamba kila cha nyumbani ni salama. Kukhu ana sheria moja ambayo huivunji akiwa hai: mahindi yenye ukungu hayaingii pipani. Ziko nyumba nyingi ambazo mahindi yaliyoharibika, yasiyofaa ugali, ndiyo hutengewa pombe, kwa imani kwamba moto utayasafisha. Moto hauimalizi sumu ya ukungu. Sumu hiyo ya aflatoksini, iliyokuwa ndani ya mahindi, iliua watu zaidi ya 100 mwaka wa 2004, hasa Makueni na Kitui. "Kama ng'ombe angekataa," Kukhu alisema, "mgeni utampaje?"

Siku yenyewe binamu yangu alimimina maji yake mikono ikitetemeka. Wazee waliketi kuzunguka chungu na mirija yao mirefu, maji moto yakiongezwa kidogo kidogo, na hapakuwa na ubishi wa ipi ni tamu kuliko ipi, maana chungu kilikuwa kimoja.

Jioni mhasibu alitoa begini zile chupa zake mbili zilizonusurika. Alimfungulia Kukhu moja kwa adabu, akammiminia kikombeni. Kukhu alionja, akakunja uso.

"Ni chungu. Umetia mwarobaini?"

Mhasibu alimweleza habari za hopsi. Kukhu alisikiliza yote, akaonja tena, akakiri kwamba kimea chake si kibaya.

"Na huwa unawapikia kina nani?"

"Najipikia mwenyewe, Kukhu."

"Peke yako?"

Mhasibu akaitikia. Kukhu alimtazama kwa muda kama anayemtazama mgonjwa, kisha akaniita nilete ule mfuko wa sukari uliokuwa na kimea kilichobaki. Alimwekea mapajani, akaukunja mdomo wake vizuri, akamwambia kinatosha pipa moja, na asisahau kukaanga unga hadi mkono uume.