Manete ya ambreyaje isiyochosha mkono

Tangu mapigano ya Batwa na Baluba ya 2016 na 2017, wakimbizi wa ndani na wenyeji wa Kalemie wameunda vikundi vya kazi pamoja. Kikundi kikiwa na moto moja yenye ambreyaje ngumu, kijana mwenye nguvu ndiye anaiendesha peke yake. Mama, au aliyeumia mkono, anabaki abiria, na manung'uniko yanaanza.

Kabla ya kununua manete, tunaomba muangalie kable. Ikijaa vumbi na kutu, hata manete nzuri itakuwa nzito. Itieni mafuta, nyuzi zikikatika, ibadilisheni.

Manete laini ni ile ambayo tundu la kable liko karibu na bulo inapozungukia. Nguvu inapungua, lakini kable nayo inavutwa umbali mfupi. Ikizidi, ambreyaje haiachi kabisa: vitesi inaingia kwa kelele, diski zinaungua. Kwa hiyo jaribuni: injini ikiwaka, vuteni manete, tieni vitesi ya kwanza. Moto ikijisukuma mbele hata baada ya kurekebisha kable, irudisheni kwa muuzaji.

Na anayejaribu awe mwenye mkono dhaifu kuliko wote, si fundi.