Mpangilio wa Upoozaji na Upitishaji Hewa katika Nyumba Inayojengwa na Mwenyewe: Mfano wa Magogoni na Kariakoo, Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna ya kupanga upoozaji na upitishaji hewa katika nyumba inayojengwa na mwenyewe ndani ya eneo la kati la Dar es Salaam, kuanzia Magogoni penye kivuko na soko la samaki hadi mitaa ya Kariakoo. Mjenzi anayekusudiwa ni yule anayepata kiwanja kwa kununua au kurithi, akamwajiri fundi, na kuipandisha nyumba kidogo kidogo kadiri fedha zinavyopatikana. Nyumba ya namna hiyo huweza kukaa miaka mingi ikiwa pagale kabla haijahamiwa. Hoja inayojengwa ni kwamba maamuzi makubwa kuhusu joto la nyumba hufanyika katika hatua za mwanzo, yaani msingi, lenta na kupaua, na aghalabu hufanywa na watu wasiotambua kuwa wanaamua jambo lolote kuhusu joto. Kiyoyozi hununuliwa mwishoni, wakati makosa yamekwisha kujengwa kwa saruji.

Suala la kupasha nyumba joto laweza kuwekwa kando mapema. Usiku wa Julai na Agosti joto la Dar es Salaam hushuka hadi nyuzi 18 au 19 hivi, na blanketi jepesi latosha. Anayejenga Lushoto au Njombe ana hesabu nyingine. Hapa tatizo ni miezi ya Desemba hadi Machi, ambapo joto la mchana hufikia wastani wa nyuzi 32 na unyevu wa hewa ni mwingi kiasi kwamba jasho halikauki. Unyevu huo ndio unaoamua kila kitu kinachofuata, kwa kuwa mwili wa binadamu hujipooza kwa kukausha jasho, na jasho hukaushwa na hewa inayotembea. Mwendo wa hewa wa mita 1 kwa sekunde humfanya mtu ajisikie kana kwamba joto limepungua kwa takriban nyuzi 3, ingawa kipimajoto hakionyeshi mabadiliko yoyote.

2.0 Jua, upepo na mwelekeo wa nyumba

Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo jua la saa sita mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kati ya tarehe 9 na 11 Oktoba. Mwezi Juni jua la saa hiyo huwa upande wa kaskazini kwa kimo cha nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, na mwezi Desemba huwa upande wa kusini kwa kimo cha nyuzi 73. Hesabu ya upenu hutokana na vimo hivyo. Dirisha la kaskazini lenye urefu wa mita 1.2 hukingwa lote saa sita ya Juni kwa upenu wa sentimita 70 uliowekwa usawa wa ukingo wake wa juu. La kusini huhitaji sentimita 36 tu kwa Desemba.

Ukuta wa magharibi hauna hesabu kama hiyo. Jua la saa kumi alasiri huwa chini sana, nalo huingia chini ya upenu wa aina yoyote. Tena, ukuta wa tofali la saruji la inchi 6 hauupitishi moto huo papo hapo, bali huuhifadhi na kuutoa ndani baada ya saa nne hivi. Yaani joto lililopokewa saa kumi alasiri huwafikia wenye chumba saa mbili usiku, wakati wanapojiandaa kulala. Wakazi wengi husema nyumba yao "inatema moto usiku". Kauli hiyo ni sahihi kifizikia.

Kuhusu upepo, pwani hii ina majira mawili yanayojulikana tangu enzi za majahazi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi. Nyumba iliyolazwa ubavu wake mrefu kutoka mashariki kwenda magharibi, yenye madirisha kaskazini na kusini, huupokea kusi kwa mshazari kwenye ubavu wa kusini na kaskazi kwa mshazari kwenye ubavu wa kaskazini, huku kuta zinazopigwa na jua la asubuhi na la alasiri zikiwa fupi. Matakwa ya jua na matakwa ya upepo yanakubaliana. Si kila mji una bahati hiyo, na ni ajabu kwamba ramani nyingi za nyumba zinazouzwa tayari mjini hazisemi kaskazini iko wapi.

3.0 Nyumba ya Kariakoo na njia yake ya hewa

Katika Kariakoo, hata hivyo, mjenzi hachagui mwelekeo. Kiwanja kilikatwa zamani. Eneo hili, ambalo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, lilipangwa kwa mitaa inayokatana mraba kuwa makazi ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kulitenga na mji wa Wahindi na Wazungu. Uzunguni ulikuwa upande wa bahari, karibu na Magogoni. Inafaa kukumbukwa kuwa mgawanyo ule wa ardhi ulikuwa pia mgawanyo wa upepo: majengo ya serikali yaliwekwa mahali ambapo upepo wa bahari hufika kwanza, yakapewa varanda pana na matao, kama inavyoonekana Ikulu iliyojengwa upya mwaka 1922 baada ya jengo la gavana wa Kijerumani kupigwa mizinga katika vita.

Wenyeji wa Kariakoo walijibu kwa nyumba ya Kiswahili. Mlango wa mbele uko kwenye baraza. Ukumbi mrefu hupita katikati hadi uani. Vyumba, mara nyingi sita, hujipanga pande mbili za ukumbi. Kila chumba kina ukuta mmoja tu wa nje, na kwa kipimo cha kitabuni kingeonekana kuwa chumba kibovu. Lakini katika nyumba nyingi za namna hiyo kuta za ndani hazikufika kwenye paa. Hewa iliyoingia dirishani ilipanda, ikapita juu ya ukuta, ikaingia ukumbini na kutokea uani, na makuti yenyewe yaliruhusu hewa kupenya. Jiko lilikuwa uani, hivyo moshi na joto la kupikia havikuingia vyumbani.

Mfumo huo haukuvunjwa na mtu mmoja wala kwa siku moja. Makuti yaliondolewa kwa sababu ya moto na kuvuja, yakaja mabati. Mabati yana joto kali, ikawekwa dari. Vyumba vilipopangishwa kwa familia mbalimbali, kuta zilipandishwa hadi darini kwa ajili ya faragha na usalama wa mali. Kila badiliko lilikuwa na sababu njema. Matokeo ya jumla ni kwamba chumba kilichokuwa na mlango wa hewa juu kikabaki na dirisha moja, na hewa iingiayo dirishani ikakosa pa kutokea. Uani nao ukajengwa vyumba vya nyongeza.

Swali la msingi kwa mjenzi wa leo ni hili: hewa itatokea wapi? Wapo wanaotegemea hewa moto kupanda yenyewe. Hesabu haiwaungi mkono sana. Tofauti ya nyuzi 3 kati ya ndani na nje, katika kimo cha mita 2, huzaa msukumo wa takriban paskali 0.24. Upepo dhaifu wa mita 2 kwa sekunde huzaa paskali 2.4, yaani mara kumi. Na kwa kuwa mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha msukumo, hewa iletwayo na upepo huzidi kwa karibu mara tatu. Kwa hiyo penye upepo, tundu la kuingilia na tundu la kutokea yapangwe kwa upepo. Lakini nyumba ya chini iliyozungukwa na maghorofa, hali ya kawaida sasa Kariakoo, hukaa katika kivuli cha upepo, na hapo ndipo ule msukumo mdogo wa hewa moto unapokuwa wa maana. Huhitaji kimo: uwazi unaopanda kutoka ukumbini hadi juu ya paa, uliofunikwa dhidi ya mvua na kuachwa wazi pembeni.

4.0 Maamuzi yanavyofuatana na hatua za ujenzi

Wakati wa msingi huamuliwa ukumbi na ua. Sentimita chache zinazoachwa kati ya ukuta na mpaka wa jirani zaweza kuonekana hasara ya ardhi. Zikikosekana, dirisha la upande huo litatazama ukuta milele. Ua wa kati, hata ukiwa mdogo, una thamani kuliko chumba kinachoweza kujengwa juu yake, ingawa ni vigumu kumshawishi mwenye kiwanja Kariakoo, ambako kila mita hupangishwa.

Hatua ya lenta ndiyo inayosahauliwa zaidi. Baada ya lenta kumwagwa, tundu la hewa juu ya mlango au juu ya dirisha haliwezi kuongezwa bila kuvunja. Mstari mmoja wa matofali ya matundu juu ya lenta, katika ukuta wa chumba na ukumbi, hurejesha kazi iliyofanywa na ukuta mfupi wa zamani, na faragha ya macho hubaki. Faragha ya sauti hupungua. Jambo hilo lisemwe wazi kwa mwenye nyumba ya kupangisha.

Kwenye kupaua, mtindo wa siku hizi wa kuficha paa nyuma ya ukuta uliopandishwa umeondoa upenu kabisa. Nyumba hupata sura ya boksi, na kuta zake nne hupigwa na jua na mvua bila kinga. Gharama ya upenu ni ndogo kwa kulinganishwa na ukuta huo wa urembo. Aidha, nafasi kati ya mabati na dari lazima iwe na matundu pande mbili zinazotazamana, yenye nyavu. Vinginevyo dari huwa kama kikaango kilichogeuzwa. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilionyesha kanuni hiyo kwa ukubwa: miavuli ya zege inayokinga jua na kukusanya mvua, na pembeni hewa ikipita.

Madirisha huja mwisho na huamuliwa dukani. Dirisha la aluminiamu la kusukuma hufunguka nusu tu ya eneo lake, ilhali dirisha la bawaba hufunguka lote. Wavu wa mbu hupunguza mwendo wa hewa tena, lakini hauwezi kuachwa. Njia sahihi ni kuongeza ukubwa wa dirisha ili kufidia wavu. Kwamba ubaridi na kinga ya mbu haviko kinyume kumethibitika katika nyumba za majaribio zilizojengwa kijijini Magoda, mkoani Tanga, ambazo kuta zake zinazopitisha hewa na vyumba vya kulala vya ghorofani vilipunguza joto kwa takriban nyuzi 2 na kupunguza mbu kwa kiasi kikubwa. Magoda ni kijiji chenye nafasi. Kinachohamishika mjini ni kulala juu na ukuta unaopumua.

5.0 Kiyoyozi na hesabu ya LUKU

Pangaboi la wati 70 likizunguka saa nane kila usiku hutumia karibu uniti 17 kwa mwezi. Kiyoyozi kidogo kinachovuta wati 1,100 mfululizo kwa saa hizo hizo hutumia uniti 264, na hata kikipumzika nusu ya muda hubaki na uniti 132. Mteja wa TANESCO wa kundi la D1 hupata bei nafuu kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Hivyo chumba kimoja chenye kiyoyozi chatosha kuitoa familia katika bei hiyo, kabla ya taa, friji na pasi kuhesabiwa.

Kiyoyozi hakikatazwi kwa hoja hiyo. Mgonjwa, mzee na mtoto mchanga huenda wakakihitaji. Ila kinadai chumba kilichozibwa, na upitishaji hewa unadai chumba kilicho wazi, na nyumba moja haiwezi kupangwa kwa yote mawili katika kila chumba. Yafaa mjenzi ateue chumba kimoja, akizibe vizuri, akikinge na jua la magharibi, na kuviacha vingine kwa upepo na pangaboi. Chumba kilichozibwa kisiwe jirani na jiko la mkaa lisilo na pa kutolea hewa, kwa kuwa kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu.

Limebaki suala la mahali pa kuning'iniza mashine ya nje. Katika maghorofa ya Kariakoo huwekwa kwenye ule uwazi mwembamba ulioachwa kati ya majengo mawili, kwa sababu upande wa mtaa una maduka na mabango. Mashine hizo humwaga humo joto lote lililotolewa vyumbani pamoja na joto la umeme wake. Uwazi huo ndio pumzi pekee ya vyumba vya nyuma vya jengo la pili, na aliye chumbani humo hulazimika kufunga dirisha lake, kisha naye akatafuta kiyoyozi.